Anayetandaza Majani

Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamwambia pa kuchimba. Ndivyo siku zangu zilivyoanza kiangazi kile chote, na sidhani kama wilaya zetu zina fomeni mwingine aliyeanza kazi kwa kupiga goti mbele ya kibarua wake. Kibarua mwenyewe alikuwa baba yangu mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu baba. Mimi nimevaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, yeye yuko ndani ya koti lake la suti lililochakaa viwiko, sururu begani. Tulisalimiana kama watu wa ukoo, watu wote wakitutazama, halafu tukageuka kuwa bosi na mtu wake. Kugeuka huko kulinichosha kuliko kazi yenyewe.

Nilikuwa nimepewa kipande cha barabara ya udongo inayoteremka kutoka kwetu milimani kwenda upande wa ziwa. Katikati ya mteremko pana kona. Ukisimama pale asubuhi unaliona Ziwa Nyasa lote chini yako, na ukitazama miguuni unaona kwa nini watu wa huku wanaichukia kona ile. Kila masika maji yalishuka kutoka mashambani juu, yakafuata korongo la zamani, yakaikata barabara vipande viwili. Magari ya dagaa yalikwama upande wa chini. Wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Litembo walibebwa kwa machela kupita kwenye matope, kisha wakapakiwa bodaboda upande wa juu. Mafomeni waliotangulia walimwaga kifusi, wakashindilia, wakapiga picha, wakaondoka, na mvua za kwanza zikaja kuchukua kifusi chao.

Wote walikuwa wanaume, na hakuna aliyefukuzwa. Mmoja alihamishiwa barabara nyingine upande wa Kitai, tena nasikia alipewa na pikipiki. Lakini mimi nilipoomba kona ile, bosi wangu, mkandarasi mwenye ofisi pale Mbinga mjini, aliniambia tutajaribu. Neno lenyewe lilinichoma. Aliongeza kwamba kona ikikatika tena, nitarudi stoo.

Stoo naijua. Nilitoka chuo na stashahada yangu ya ujenzi wa barabara, nikakabidhiwa funguo za chumba chenye koleo, sururu na toroli. Asubuhi natoa koleo, jioni napokea koleo. Walisema mwanamke anafaa stoo kwa sababu hanywi pombe. Wenzangu tuliomaliza nao, wavulana ambao baadhi yao waliandika mitihani kwa kuchungulia karatasi yangu, walikuwa saiti wakipiga kelele kwenye simu. Nilikaa stoo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kwa hiyo nilipoambiwa tutajaribu, nilikula kiapo kimoyomoyo kwamba funguo zile sitazishika tena.

Mpango wangu haukuwa na maajabu. Nilitaka mtaro mrefu wa kukinga maji juu ya barabara, unaokwenda kwa mshazari, uyachukue maji kabla hayajafika korongoni, uyapeleke pembeni kwenye jiwe kubwa lililojitokeza mlimani. Pale tungepitisha kalavati chini ya barabara, na maji yangetokea upande wa pili juu ya mwamba, mahali ambapo hayana udongo wa kula. Nikapima, nikapiga vigingi, nikafunga uzi kutoka kigingi hadi kigingi. Uzi ulikuwa mwekundu, nao uliupendeza moyo wangu kuliko kitenge chochote nilichowahi kununua.

Baba mdogo alikuja mwenyewe kuomba kazi. Kahawa yake ilikuwa imebeba vibaya mwaka ule. Alisimama pembeni hadi wengine wakaisha, akasema amesikia ninaandika watu. Nilimwandika bila kumwuliza jina, na haikuchukua muda vibarua wakamfanya mnyapara wao, kwa umri wake na kwa sababu hakuna kijana aliyeweza kushindana naye kwa sururu. Nilifurahi. Nilidhani kuwa na mtu wa ukoo kileleni mwa vibarua ni kuwa na mkono wa kulia.

Hapa lazima nieleze jinsi sisi tunavyolima, vinginevyo kilichofuata hakitaeleweka.

Mashamba yetu yamesimama wima, na bila ngoro, yaani mashimo na matuta yetu ya kushika maji, udongo wote ungekuwa ziwani zamani. Masika yakikaribia ukingoni, mwanamume anafyeka majani na kuyaacha yanyauke. Kisha anayatandaza kwa mistari, mistari mingine inakatiza mingine, hadi shamba zima linakuwa vyumba vya mraba. Hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba udongo katikati ya kila chumba na kuufukia juu ya majani. Panapochimbwa panabaki shimo la kushika maji, na penye majani panakuwa tuta, na kwenye tuta tunapanda maharage. Mwanamume anatandaza, mwanamke anafukia. Shamba ambalo mwanamke ametandaza mwenyewe, mpita njia analitazama na kusema nyumba ile haina mtu.

Nyumba yetu kweli haikuwa na mtu. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Kuanzia hapo kutandaza majani ya mama kukawa kazi ya baba mdogo, naye alikuwa na mashamba yake na ya wakwe zake, kwa hiyo alifika kwetu wa mwisho. Mama alisubiri. Maharage ya wenzetu yalikwishaota na sisi majani yetu yalikuwa bado yamelala shaghalabaghala. Mwaka mmoja uvumilivu ulimwisha. Alfajiri akaingia shambani na kutandaza mwenyewe, mimi nikimbebea majani, na jua lilipopanda nusu ya shamba ilikuwa tayari. Mistari yake haikuteremka moja kwa moja mtoni kama ya wengine. Ilikwenda upande, ikitazama jiwe lililo kwenye mpaka wetu, kwa sababu upande wa mto udongo wetu ulikuwa unaondoka kila mwaka na mama alikuwa anauona ukiondoka.

Baba mdogo alifika siku ileile, pengine aliambiwa. Alimwamkia mama kama kawaida, akaingia shambani, akakusanya majani yote aliyoyatandaza mama na kuyatandaza upya, moja kwa moja, kutazama mtoni. Mama alisimama na jembe lake akitazama. Nilikuwa mtoto lakini nilijua kwamba ametukanwa, ingawa hakuna tusi lililotamkwa.

Shemeji yake alipoondoka, mama alianza kufukia. Ndipo nikaona. Kabla ya kumwaga udongo, alikuwa anayavuta majani kwa ncha ya jembe, kidogo tu, upana wa unyayo. Chumba cha pili akavuta zaidi kidogo. Tulipofika mwisho wa shamba mistari yote ilikuwa inatazama jiwe. Nilifungua mdomo niseme, akaweka kidole chenye udongo mdomoni mwake mwenyewe, na tukaendelea. Alifanya hivyo mwaka ule na kila mwaka uliofuata. Na mimi, kila mwaka, nilimpenda kwa ujanja ule na nikaumia kwamba aliuhitaji.

Sasa turudi kwenye kona.

Akina mama wauza dagaa walipita pale karibu kila siku, wakipanda kutoka ziwani na beseni vichwani kwa kuwa magari yalikuwa hayafiki. Ni wanawake wenye maneno. Mara ya kwanza walisimama kupumua, wakauliza bosi wetu yuko wapi, kwani walitaka kumweleza shida za barabara yao. Vijana walimnyooshea kidole baba mdogo. Yeye hakukana. Alijipangusa mikono kwenye koti, akawasikiliza kwa makini, akawaahidi kwamba barabara itapita. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yao na pima maji mkononi. Mama mmoja aliponitazama alisema kwa upole kwamba mpishi wao naye wamempa kofia, jambo zuri. Vijana walicheka hadi wakakaa chini. Nilicheka nao, maana nisingecheka ningelia, na nikarudi kwenye uzi wangu.

Jioni nilimwambia baba mdogo kwamba siku nyingine wakiuliza awaelekeze kwangu. Aliitikia vizuri sana. Lakini walipouliza tena alikuwa na shughuli ya kunoa sururu, akajifanya hasikii.

Wiki ile mawingu ya kwanza yalianza kujikusanya juu ya ziwa. Makalavati yalikuwa hayajafika, na simuni nilipewa maneno matamu tu, kwa hiyo nikaamua kwenda Mbinga mwenyewe kuyasimamia. Niliwaachia kazi iliyo wazi: mtaro uchimbwe kwa kufuata uzi. Mtoto mdogo angeweza kuufuata. Lori lilituharibikia njiani, tukalala, na niliporudi siku ya pili yake jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Niliteremka kwenye lori nikiwa na furaha, kwa sababu nilikuwa nimeketi juu ya makalavati yangu mwenyewe.

Mtaro ulikuwa umechimbwa zaidi ya nusu. Ulikuwa umechimbwa vizuri, kingo zimenyooka, udongo umewekwa upande unaotakiwa. Ila haukwenda kwenye jiwe. Ulikuwa unateremka moja kwa moja kuelekea korongo la zamani, palepale barabara inapokatika. Uzi wangu mwekundu ulikuwa umefungwa juu yake, umenyooka, na vigingi vyangu vimepigwa chini kwa nguvu. Havikuwa vimeng'oka vyenyewe. Kwenye kila kigingi uzi ulikuwa umekazwa kwa kipande cha kamba ya mgomba, na katika vibarua wote ni mtu mmoja tu niliyemjua kufunga namna ile, kwa sababu ndivyo alivyofunga magunia yake ya kahawa tangu nikiwa mtoto.

Damu ilinichemka hadi masikio yakaziba. Nina hasira za karibu, mama anasema nilizirithi kwa baba. Vijana walikuwa wameinama, kila mtu amegundua jambo la kuchunguza kwenye koleo lake. Baba mdogo alinipokea mfuko wangu, akaniuliza habari za safari. Nikamwambia safari njema. Nikawaambia wote waende nyumbani, kazi imekwisha kwa leo. Sikuiamini sauti yangu kusema zaidi ya hapo.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro ule na kumpigia mama simu. Nilimweleza yote. Akauliza kama mtu mwingine amegundua. Nikamwambia vijana wanajua, kona nzima inajua. Akaniambia nifanye jambo dogo: niwaambie asubuhi kwamba injinia amepiga simu, ramani imebadilika, wachimbe upya upande wa jiwe. Mzee hataaibika, na maji yatakwenda ninapotaka.

"Vuta kidogo kidogo, mwanangu," alisema. "Si wewe ndiye unayefukia?"

Nilikaribia kukubali. Ulikuwa ushauri mzuri, na ulitoka kwa mtu aliyelisha watoto wake kwa ushauri huohuo. Lakini nilipokata simu nilijiona nikiwa na umri wake, nikiwa bado namsingizia injinia, bado navuta kwa ncha ya jembe mtu asinione. Isitoshe mtaro si majani. Ukishachimbwa na kumwagiwa zege, hakuna atakayekuja nyuma kuuvuta. Nikiwaacha wanaume hawa waamini kwamba mstari umebadilishwa na mwanamume mwingine aliye kwenye simu, kesho nikienda Mbinga watauhamisha tena. Na kona ikikatika, atakayepokea funguo za stoo si injinia wa kwenye simu.

Asubuhi ilikuwa na ukungu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikawaita wote wasogee. Nilikuwa nimeng'oa vigingi vyote mwenyewe kabla hawajafika, na nilikuwa nimevikumbatia kama kuni. Nilimwogopa, sitaki kuficha hilo. Huyu ndiye aliyenipeleka sekondari akiwa amebeba sanduku langu kichwani.

Nikauliza ni nani aliyehamisha vigingi.

Alijibu mara moja, bila kutafuta pa kujificha. "Mimi."

"Kwa nini, baba mdogo?"

Alivua kofia yake ya sufu, akaikunja. Alisema kwamba watu wanapita hapa, wa juu na wa chini, na wanatuona. Alisema marehemu kaka yake hakuacha ukoo usio na wanaume. Kama binti wa nyumba ile anatandaza mstari na baba yake mdogo yupo, amesimama na sururu, watu watasema nini? Kwa hiyo aliutandaza yeye, kwa niaba yangu, ili kazi ionekane ina mwenyewe. Alisema hayo kwa heshima, na nikaona kwamba hata hajui amekosa. Kwa hesabu yake alikuwa amenitendea wema.

Hasira yangu yote ilitafuta pa kwenda ikakosa. Nilibaki na huzuni, na vigingi mikononi.

"Baba mdogo," nikasema, "hapa anayetandaza ni mimi. Ukikubali, shika ncha hii ya uzi unisaidie kuunyoosha. Ukikataa, nitakuaga vizuri, na Jumapili baada ya misa nitakuja kwako kukusalimia kama siku zote. Lakini vigingi vyangu hutavigusa tena."

Nikanyoosha mkono wenye uzi. Hakuupokea. Aliutazama kana kwamba ni kitu kilichookotwa njiani. Na hapo, kwa kuwa siku mbaya haiji peke yake, tukasikia sauti zinapanda kwenye ukungu, na akina mama wa dagaa wakatokea na beseni zao. Walikuta wanaume wamesimama duara, mzee ameshika kofia, na mpishi ameshika mzigo wa miti. Walitua. Wanawake wale hawapiti pahali penye neno.

Yule mwenye maneno zaidi akauliza kuna nini, bosi yuko wapi awatulize watu wake.

Sasa ilikuwa zamu ya baba mdogo. Angeweza kujibu kama alivyozoea, au kunoa sururu. Nilijua kwamba akifanya hivyo sitakuwa na kipande cha barabara tena, maana hakuna ambaye angenisikiliza baada ya hapo, na nilijua pia kwamba sitaweza kumlazimisha. Mkono wangu ulianza kuuma kwa kunyooka.

Baba mdogo alivaa kofia yake polepole. Akauchukua uzi. "Bosi ni huyu," akawaambia, bila kuwatazama. "Binti wa kaka yangu."

Kisha akapanda mteremko na ule uzi, akikanyaga kwa shida kwenye mawe, hadi penye lile jiwe, akauvuta hadi ukakaza. Niliusikia ukikaza kwenye vidole vyangu. Yule mama alinitazama juu hadi chini, kofia, kizibao, buti, akasema basi bosi mwenyewe ajue kwamba miguu yao imechoka. Nikamwambia najua. Wakajitwika na kuondoka wakiongea kwa lugha yao ya ziwani, na kwa kicheko chao nilijua habari hiyo ingefika ufukweni kabla ya mchana.

Tulifukia mtaro ule mzuri na kuchimba mwingine. Vijana walinung'unika, nikawaacha wanung'unike. Baba mdogo hakunung'unika wala hakuzungumza. Alichimba kwa kufuata uzi, na nilipokuwa nikikagua alisogea pembeni nipite. Niliumia kumwona kimya hivyo. Jumapili nilikwenda kwake kama nilivyoahidi, akanikaribisha ugali na dagaa, tukaongelea mvua.

Mvua ilitukuta tumeshamwaga zege, ila halijapata siku nyingi za kukauka. Ilipiga mchana kutwa. Nilisimama kwenye kona na mwavuli uliopinduka, nikayaona maji yakishuka mekundu kutoka mashambani, yakafika mtaroni, yakasita kama mtu asiye na hakika na njia, kisha yakageuka. Yakaenda kwenye jiwe. Yakapita kwenye kalavati na kutokea upande wa pili juu ya mwamba. Korongo la zamani lilibaki na vidimbwi tu. Nililia, na kwa vile nilikuwa nimelowa sikuwa na haja ya kujificha. Nilipogeuka baba mdogo alikuwa nyuma yangu, amejifunika gunia la nailoni kichwani, naye anatazama maji. Alikaa pale hadi mvua ikapungua.

Kona haikukatika mwezi ule, wala uliofuata. Gari la kwanza la dagaa lilipopanda likiwa limejaa, akina mama walikuwa juu ya magunia, na mmoja alinirushia samaki mkavu mkubwa, mbasa, ambao karibu uniangushe. Bosi wangu alikuja kukagua baada ya mvua kubwa kuliko zote. Alitembea huku na huko, akapiga kalavati teke, akasema kuna barabara nyingine upande wa Lundo inasumbua, nikaiangalie. Hakusema tutajaribu. Funguo za stoo walimpa kijana aliyetoka chuo, naye nasikia hanywi pombe.

Masika yalipokaribia kwisha nilirudi kwa mama kumsaidia shamba. Majani yalikuwa yamefyekwa na kunyauka. Tulikuwa tumekaa mpakani tukimsubiri baba mdogo, na safari hii aliwahi, kabla ya jua kuchoma. Mteremko wa ng'ambo majirani walikuwa kwenye mashamba yao, wanaume wakitandaza, wanawake wakifuata. Yeye alikusanya majani, mzigo mkubwa wa kujaza mikono, akaja nayo hadi alipokuwa mama. Akayatua miguuni pake.

"Shemeji," akasema, "tandaza mwenyewe."

Mama aliyatazama yale majani. Ng'ambo, mtu mmoja alikuwa ameshanyoosha mgongo kututazama. Nilidhani atakataa, kwa aibu au kwa mazoea. Badala yake alianza kucheka, kicheko kidogo cha kujizuia, na machozi yakamtoka.

"Mbona nimetandaza miaka yote hii, shemeji," akasema.

"Najua," alijibu baba mdogo. "Natandaza kwenda mtoni. Nikipita maharage yameota, naona matuta yanatazama jiwe."

Nilikuwa namwona mtoto yule aliyefungua mdomo aseme, na kidole chenye udongo. Kumbe tulikuwa tunaficha kitu ambacho mwenyewe alikiona kila mwaka akipita njiani.

Akanigeukia. Alisema vile vigingi navyo alijua nitavirudisha. Alidhani nitavirudisha kimyakimya, kama mama yangu, na kila mtu angebaki na heshima yake. "Sikujua kwamba utaniuliza," akasema. Hapakuwa na lawama katika sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa amelifikiria jambo hilo muda mrefu, peke yake, na hakupata wa kumwambia.

Mama aliinama, akachukua majani na kuanza kutandaza. Mstari wake wa kwanza ulitoka pale tulipokaa ukaenda moja kwa moja kwenye jiwe, mchana kweupe, na ng'ambo wote wakauona. Mimi nilimbebea majani kama zamani. Baba mdogo alisimama hajui pa kuweka mikono. Halafu akavua lile koti lake, akalitundika kwenye mti wa kahawa, akachukua jembe la mama na kuanza kufukia nyuma yetu.

Alifukia vibaya. Mama aligeuka, akatazama lile tuta lake la kwanza, akamwambia udongo hautoshi, aongeze.